Kuomba nafasi ya uzamivu katika imunolojia ya saratani: mwongozo kamili kwa anayeitazama Ujerumani kutoka Afrika Mashariki

Barua yangu ya kwanza ya kuomba nafasi ya uzamivu (PhD) katika imunolojia ya saratani, yaani sayansi ya jinsi kinga ya mwili inavyopambana na saratani, ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa mmoja na nusu ulimhusu mama yangu, aliyefariki kwa saratani ya shingo ya kizazi. Nusu iliyobaki ilikuwa orodha ya vyeti. Sikuitwa kwenye usaili. Mwaka uliofuata niliandika nyingine, ya ukurasa mmoja, na safari hiyo mama alipata sentensi moja tu. Nilieleza kwamba wanawake wengi wanaoambukizwa HPV, virusi vinavyoleta saratani hiyo, takriban tisa kati ya kumi, miili yao huvifukuza yenyewe ndani ya miaka miwili hivi, na kwamba nilitaka kujua kinga ya yule wa kumi inakwama wapi. Barua hiyo ndiyo iliyonifikisha Heidelberg, Ujerumani.

Namwandikia aliyemaliza uzamili Muhimbili, KCMC, Makerere, Nairobi au Nelson Mandela pale Arusha, ambaye nia anayo ila hajui pa kuanzia. Mfano wangu mkuu ni Ujerumani, na hasa Kituo cha Utafiti wa Saratani cha Ujerumani, maarufu kwa herufi zake DKFZ, kwa kuwa njia hiyo nimeipita. Nchi nyingine nitazigusa pale zinapotofautiana kwa jambo lenye uzito. Jipe mwaka mzima. Wanaoanza miezi miwili kabla ya tarehe ya mwisho hukwama kwa wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za kukupendekeza, au kwa majina ya kwenye vyeti, na yote mawili nitayafikia.

Kwanza fahamu unaomba kitu gani

Kwetu husemwa "anakwenda kusoma PhD", kana kwamba mtu anarudi darasani. Ujerumani, kwa sayansi za maabara, nafasi ya uzamivu mara nyingi ni ajira. Una mkataba, mshahara, likizo na bima ya afya. Mshahara hufuata jedwali la watumishi wa umma, ngazi ya E13, na katika biolojia wengi hulipwa asilimia 65 ya ngazi hiyo. Ukishakatwa kodi na bima, kinachobaki kinamtosha mtu mmoja kuishi kwa heshima, ingawa pango la chumba Heidelberg ni ghali na ni vizuri kulijua mapema. Ada ya masomo hakuna, unalipa mchango mdogo wa kila muhula.

Kwa kuwa ni ajira, anayekuchagua anatafuta mtu wa kufanya naye kazi miaka mitatu au minne. Alama zako atazitazama, lakini swali lililo kichwani mwake ni hili: huyu nikimwachia jaribio lililoharibika Ijumaa jioni, Jumatatu nitamkuta amefikiri nini? Kila karatasi utakayotuma imsaidie kulijibu.

Kuna milango miwili, na wengi huuona mmoja. DKFZ yenyewe haitoi shahada. Unafanya utafiti pale, shahada inatolewa na chuo kikuu, mara nyingi Chuo Kikuu cha Heidelberg. Kwa hiyo maabara ikukubali, na kitivo nacho kikusajili. Kitivo kinataka uzamili kamili kutoka chuo kinachotambuliwa Ujerumani, na hilo unalithibitisha mwenyewe bila malipo kwenye hifadhidata ya Wajerumani iitwayo anabin. Tafuta chuo chako humo. Kikiwa na alama H+ uko salama upande huo. Fanya hivyo leo kabla ya kuandika neno lolote.

Kama wewe ni daktari wa tiba, angalia sana aina ya shahada. Dr. med. ni ya waliosomea udaktari na mara nyingi utafiti wake ni mfupi. Dr. rer. nat. ni ya sayansi asilia, ndiyo uzamivu kamili wa maabara. Baadhi ya programu humpokea mwenye MD bila uzamili wa sayansi, nyingine hazimpokei. Waandikie ofisi ya programu, uwaulize kwa barua fupi.

Na kama una shahada ya kwanza tu, Ujerumani itakuwa ngumu. Marekani huchukua watu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, kwa miaka mitano au sita, na programu nyingi za tiba hulipa ada na posho ya kuishi. Mwaka wa kwanza unazunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua msimamizi. Maombi hufungwa karibu Desemba, na ada ya maombi mara nyingi husamehewa ukiomba. Omba bila aibu, utaratibu huo umewekwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Pata swali

Hapa ndipo nitakapokaa kwa muda, maana ndipo watu wetu wazuri wanapopotea. Maombi mengi ambayo wadogo zangu wamenipa niyasome huanza hivi: "Nina shauku kubwa na imunolojia ya saratani." Msomaji wa barua mia mbili hajapata kitu hapo. Shauku ionekane ndani ya swali.

Uwanja wenyewe una historia fupi ambayo ni lazima uijue vizuri. Miaka ya 1990 James Allison nchini Marekani na Tasuku Honjo nchini Japani walitambua kwamba seli T, askari wa kinga wanaoua seli zilizoharibika, zina breki. CTLA-4 ni breki moja, PD-1 ni nyingine, na saratani hujua kuzikanyaga. Dawa ya kwanza ya kuachia breki hizo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011, na wawili hao walipewa Nobeli mwaka 2018. Mwaka 2025 Nobeli ya tiba ikaenda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa kazi yao juu ya seli T zinazoituliza kinga isishambulie mwili wenyewe, seli ambazo uvimbe huzigeuza kuwa walinzi wake. Na kabla ya hayo yote, chanjo ya BCG, ile iliyokuachia kovu begani, ilikwisha kuanza kutumika kutibu saratani ya kibofu cha mkojo tangu miaka ya 1970.

Fundo lililopo sasa ni kwamba dawa hizi huwasaidia wagonjwa wachache kuliko wanaozihitaji. Kuna uvimbe uliojaa seli T, watu wa maabara huuita uvimbe moto, na kuna uvimbe baridi ambamo seli T hazimo au zimebaki ukingoni. Kwa nini? Nani huzizuia? Je, makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu na taka? Je, sukari imekwisha ndani ya uvimbe na seli T zinakufa njaa? Je, bakteria wa utumbo wana mkono? Kila neno hapo ni kikundi kizima cha utafiti.

Sasa tazama ulipokulia. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto. Ndani ya uvimbe huo Anthony Epstein na wenzake walikuta kirusi cha Epstein-Barr, kwa kifupi EBV, wakachapisha mwaka 1964. Karibu kila mtu duniani hubeba kirusi hicho bila kuugua. Mbona watoto wa ukanda wa malaria ndio wanaoota uvimbe? Tafiti zilizofanyika Kisumu zilionyesha kwamba watoto wanaoishi kwenye malaria nyingi huwa na seli T dhaifu dhidi ya EBV kuliko wenzao wa Nandi, kwenye vilima ambako malaria ni kidogo. Hilo ni swali la imunolojia ya saratani tangu mwanzo hadi mwisho, na limezaliwa kando ya Ziwa Viktoria.

Yako mengine. Sarkoma ya Kaposi, saratani inayotokana na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1994, bado inawasumbua watu wanaoishi na VVU katika eneo letu. Saratani ya umio hupita kama ukanda kutoka Ethiopia, ikashuka Kenya na Tanzania hadi kusini mwa bara, na sababu zake bado hazijajulikana zote. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayojaza benchi za Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam. Harald zur Hausen, aliyeiongoza DKFZ kwa miaka 20 kuanzia 1983, ndiye aliyeonyesha kwamba saratani hiyo husababishwa na HPV, akapata Nobeli mwaka 2008. Chanjo wanayochomwa wasichana wetu shuleni, Tanzania tangu 2018 na Kenya tangu 2019, ina mizizi katika kazi hiyo. Nilipolijua hili niliacha kujiona mgeni anayebisha hodi.

Tahadhari moja, nayo ni muhimu. Usiandike barua inayosema "kwetu kuna tatizo, nisaidieni". Andika "kwetu kuna hali ambayo hapo kwenu haipo, na inaweza kutufundisha kinga inavyofanya kazi". Mgonjwa mwenye VVU aliyeanza dawa, seli zake za CD4 (seli T ambazo VVU hushambulia) zikapanda, halafu akapata Kaposi, ana jambo la kumfundisha kila anayechunguza uvimbe baridi.

Zoezi langu ni hili. Chukua daftari. Soma makala moja kila siku kwa wiki sita, na kwa kila makala andika mistari mitatu: waliuliza nini, walipimaje, ni kitu gani hawakukipima. Mstari wa tatu ndio mali. Mwisho wa wiki ya sita utaona swali moja limejirudia mara tano kwa sura tofauti. Hilo ndilo lako.

Hesabu ulichonacho mkononi

Watu wa kwetu hujidharau hapa. "Mimi nimefanya Elisa tu," yaani kipimo cha kawaida cha kupima protini kwa kingamwili. Sawa, lakini je, unaweza kueleza kwa nini mstari wa vipimo vya kulinganishia ulipinda juu? Ulifanya nini sampuli ziliporudi na namba zisizoeleweka? Umeme ulipokatika, friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri mliilindaje? Mtu aliyetenganisha seli nyeupe kutoka kwenye damu ya wagonjwa 60 na kuzihifadhi zikiwa hai kwenye nitrojeni ya kimiminika, mahali ambapo nitrojeni hufika kwa wiki, ana ustadi ambao wengi hawana. Uandike kwa idadi: sampuli ngapi, miezi mingapi, asilimia ngapi zilikuwa hai baada ya kuyeyushwa.

Upungufu nao upo, na dawa yake ipo. Kipimo kinachotawala imunolojia ni flosaitometria, mashine inayosoma seli moja moja kwa rangi za mwanga. Kama hujaigusa, itafute: hospitali zinazohesabu CD4 zimekuwa na mashine za aina hiyo, ndogo lakini kanuni ni ileile. Omba kukaa wiki mbili ukiangalia. Uganda, Taasisi ya Saratani pale Mulago ina ushirikiano wa miaka mingi na kituo cha utafiti wa saratani cha Fred Hutch cha Seattle, Marekani, na kazi zake za saratani zinazoletwa na maambukizi ni mahali pazuri pa kujifunza.

Dawa ya pili haihitaji maabara. Data za maelfu ya wagonjwa wa saratani zimewekwa wazi, kwa mfano zile za mradi wa Marekani wa TCGA na zile za hifadhi ya GEO. Kwa kompyuta ya kawaida, R, lugha ya kompyuta ya takwimu, na intaneti ya usiku yenye bando la bei nafuu, unaweza kuuliza: katika saratani ya shingo ya kizazi, wagonjwa wenye alama nyingi za seli T waliishi muda mrefu zaidi? Kompyuta yako ikiwa dhaifu, tumia Galaxy, jukwaa la bure ambalo seva yake ya Ulaya huendeshwa kutoka Freiburg, na hesabu zote hufanyika kwenye mashine zao. Chora mchoro mmoja ulio wa kwako na uujue ndani nje. Mchoro huo mmoja utazungumziwa kwenye usaili kuliko cheti chochote.

Jambo la kulitafakari mapema: sehemu kubwa ya utafiti huu hufanywa kwa panya. Utawapandikizia uvimbe, utawaua, utawapasua. Kama dhamiri yako haiwezi, chagua vikundi vya sampuli za binadamu au vya data. Ni uamuzi wa heshima, na ni bora uufanye sasa kuliko mwezi wa nne wa mkataba.

Nafasi zinapatikana wapi

DKFZ ina programu ya kimataifa ya uzamivu yenye awamu mbili za kupokea maombi kwa mwaka, ya majira ya joto na ya baridi. Maombi hutumwa kwenye tovuti yao tu. Soma tarehe pale pale, usizichukue kwa mtu. Kando ya hapo, Jumuiya ya Max Planck ina shule zake za uzamivu, na ile ya Freiburg imejikita kwenye kinga na epijenetiki, yaani namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa.

Tovuti ya EURAXESS hutangaza nafasi za Ulaya nzima bila malipo. Humo tafuta mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Ina sharti linalotufaa: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiomba kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Kwa aliyeko Mwanza au Mombasa sharti hilo limeshatimia. Uraia hauangaliwi. Sweden nayo, kwa mfano Karolinska, hutangaza uzamivu kama kazi ya miaka minne, bila ada. Amsterdam kuna Taasisi ya Saratani ya Uholanzi, yenye jina kubwa sana katika seli T. Na DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, ina ofisi Nairobi na ufadhili kwa wanaotoka kwetu, ila hapo unatakiwa uwe umepata msimamizi kwanza.

Yeyote anayekudai fedha ili "akuunganishe" na nafasi ya uzamivu, achana naye. Nafasi hizi zote huombwa na mhusika mwenyewe.

Barua pepe kwa mkuu wa kikundi

Kama nafasi imetangazwa kwenye programu, fuata utaratibu wa programu. Kumwandikia mkuu wa kikundi moja kwa moja ni halali pia, mradi umesoma kazi yake. Chagua watu wanane, usizidi. Kwa kila mmoja soma makala mbili za karibuni hadi uweze kumweleza mdogo wako aliyeko kidato cha nne.

Utaandika kwa Kiingereza, lakini maana yake iwe hivi:

"Profesa, (taja jina lake la ukoo tu). Nimemaliza uzamili Muhimbili, ambako nilipima saitokini (protini ambazo seli za kinga hupeana kama ishara) katika damu ya wanawake 60 wenye saratani ya shingo ya kizazi. Katika makala yenu ya mwaka jana mlionyesha kwamba seli T zilizo ndani ya uvimbe zimechoka ingawa zilizo kwenye damu ni nzima. Nilijiuliza kama ingekuwa hivyo kwa wanawake wanaoishi na VVU, ambao seli zao za CD4 zilikwisha kupungua kabla uvimbe haujaanza. Je, kikundi chenu kinatarajia kupokea mwanafunzi wa uzamivu katika awamu ijayo? Nimeambatisha wasifu wa kurasa mbili."

Inatosha. Hakuna "natumaini barua hii inakukuta salama", hakuna "mheshimiwa sana", hakuna picha ya cheti. Usipojibiwa kwa wiki mbili, kumbusha mara moja kwa mistari miwili. Kimya cha pili ni jibu, endelea na mwingine. Na usitume barua moja kwa watu ishirini kwa mpigo, wakuu wa vikundi hukaa ghorofa moja na huonyeshana.

Nyaraka

Wasifu uwe wa kurasa mbili: elimu, utafiti, mbinu unazozijua na kwa kiwango gani, machapisho kama yapo, wadhamini. Shule ya msingi, dini na hali ya ndoa havihitajiki. Chapisho moja ambamo jina lako ni la pili au la tatu ni baraka, lakini kukosa hakukufungii mlango. Muhtasari uliowasilisha kwenye mkutano wa kisayansi unahesabika.

Barua ya maombi iwe na aya nne zisizo sawa kwa urefu. Swali lako kwanza. Kisha ulichofanya kwenye uzamili, na hapa taja jambo moja lililokwenda vibaya na ulivyolitatua. Kisha kwa nini kikundi hiki, kwa majina ya kazi zao. Mwisho, kwa sentensi mbili, unakotaka kufika.

Wadhamini ndio mfupa mgumu. Programu nyingi humtumia mdhamini kiungo kwenye barua pepe yake ya kazi, na barua huwa ya siri. Mhadhiri wako pengine hutumia anwani binafsi na ana wanafunzi wa kusahihisha mia moja. Mwone ana kwa ana miezi miwili kabla. Kisha mtumie ujumbe wa heshima na wenye kila kitu:

"Shikamoo Profesa. Ni mimi mwanafunzi wako wa uzamili wa 2023, niliyefanya kazi ya Elisa kwenye sampuli za Ocean Road. Kiungo cha barua ya udhamini kitakufikia Jumatatu kwenye anwani ya chuo, mwisho wake ni tarehe 15. Nimeambatisha wasifu, barua yangu ya maombi, na nusu ukurasa unaokumbusha niliyoyafanya chini yako. Nitakukumbusha tarehe 8 ukiniruhusu. Asante sana Profesa."

Wapo watakaokwambia, "Andika wewe, mimi nitasaini." Epuka. Barua mbili zenye sauti moja hutambulika, na mwombaji ndiye anayeumia. Jibu kwa upole kwamba mfumo unamtaka aijaze mwenyewe, halafu mpe ile nusu ukurasa yenye mambo ya kweli: tarehe, idadi, siku uliyogundua kosa kwenye jedwali. Mdhamini anayekumbuka kisa kimoja anakufaa kuliko mwenye cheo kikubwa asiyekujua.

Sasa majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, shahada ina matatu, pasipoti imeandika jina la babu kwa herufi tofauti. Kwetu ni kawaida, kwao ni watu watatu. Yaweke sawa mapema kwa hati ya kiapo ya wakili, na jina la kwenye pasipoti ndilo litumike kila mahali, hata kwenye barua pepe. Andaa pia nakala za vyeti zilizothibitishwa, seti nne, maana kitivo kitataka zake na ubalozi utataka zake. Chuo kikichelewa kutoa cheti, omba barua ya kumaliza masomo pamoja na matokeo yote yenye muhuri.

Usaili

Wanaochujwa huitwa kwa mahojiano, kwa mtandao au kwa kusafiri. Kwa kawaida utawasilisha kazi yako ya uzamili kwa dakika chache mbele ya jopo, kisha utakaa na wakuu wa vikundi mmoja mmoja.

Anza na saa. Majira ya baridi Dar es Salaam iko mbele ya Berlin kwa saa mbili, majira ya joto kwa saa moja. Wakikuandikia 10:00 ya Januari, kwetu ni saa sita mchana. Namfahamu kijana aliyesoma 10:00 kama saa nne asubuhi ya Dar, akakaa saa mbili peke yake akidhani wamemwacha, akafunga kompyuta na kuondoka. Wao wakaingia kwa wakati wao, wasimkute. Chaji kompyuta na simu, weka bando kwenye mitandao miwili tofauti, na tuma slaidi zako kwa ofisi ya programu siku moja kabla ili hata picha ikikatika uendelee kwa sauti.

Wasilisho la dakika kumi lisizidi slaidi nane. Swali, jinsi ulivyopima, matokeo mawili, kasoro, hatua inayofuata. Kasoro itaje mwenyewe kabla hawajaitaja. Maswali yao hutabirika: Kundi lako la kulinganisha lilikuwa lipi, na kwa nini si jingine? Matokeo yangekuwa kinyume ungehitimisha nini? Ukipewa mwaka na fedha, jaribio gani lingeua wazo lako? La mwisho ndilo bora kuliko yote, lijibu nyumbani kwa maandishi kabla hawajauliza.

Kisa kimoja husaidia kuelewa wanachotafuta. Mwishoni mwa 1963 sampuli ya uvimbe wa Burkitt ilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda kwenda London kwa Epstein. Ukungu ukaigeuzia ndege Manchester. Sampuli ilipofika jioni, maji yake yalikuwa na wingu, dalili ya kuchafuliwa na bakteria, na wengi wangeimwaga. Epstein aliweka tone chini ya hadubini. Wingu lile lilikuwa seli za uvimbe, hai, zinaelea moja moja, na hizo ndizo zilizowawezesha kuotesha seli na kukiona kirusi. Jopo linapokuuliza ungefanya nini na sampuli yenye dosari, linakutafuta wewe utakayeweka tone kwenye kioo.

Usipojua jibu, sema hujui, kisha eleza ungelitafutaje. Adabu yetu ya kunyamaza mbele ya wakubwa itakudhuru hapo: profesa wa Kijerumani akikupinga anakualika mjadiliane. Mjibu kwa utulivu, mtazame usoni, na kama ana hoja, mkubalie hoja. Nawe uwe na maswali yako. Wanafunzi waliopita walimaliza kwa muda gani? Kamati ya kufuatilia uzamivu hukutana mara ngapi? Nitafundishwa flosaitometria na nani? Kabla ya kukubali, zungumza na mwanafunzi mmoja wa kikundi hicho bila bosi kuwapo. Kikundi kitakachokuzuia kufanya hivyo kimeshakujibu.

Ukikubaliwa

Mkataba ukifika, soma muda wake, asilimia ya ajira na tarehe ya kuanza. Visa ya kitaifa huombwa kwenye ubalozi wa Ujerumani unaohudumia nchi yako, na ada yake ni euro 75. Wakala atakwambia lazima uweke fedha kwenye akaunti iliyofungwa, ambayo tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Hiyo ni kwa wanafunzi wasio na kipato. Mwenye mkataba wa ajira wenye mshahara wa kutosha huonyesha mkataba. Familia ya kaka yangu ilikaribia kuuza kiwanja kwa kutolijua hili.

Omba miadi ya ubalozi siku uliyopata mkataba, kwa kuwa foleni ndiyo inayochelewesha. Ofisi ya wageni wa kimataifa ya kituo chako itakusaidia kusukuma barua na kutafuta chumba, waandikie mapema. Lugha ya maabara ni Kiingereza, ya duka na ya daktari ni Kijerumani, hivyo ingia darasani kabla ya safari, hata kwa miezi mitatu.

Na kama swali lako linahitaji damu au vipande vya uvimbe kutoka nyumbani, kazi ya vibali ianze kabla hujapanda ndege. Tanzania utahitaji idhini ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mkataba wa kuhamisha sampuli nje ya nchi. Uganda mlango ni UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, pamoja na kamati ya maadili ya taasisi husika. Fomu ya ridhaa ya mgonjwa iseme wazi, kwa Kiswahili anachokielewa, kwamba sampuli yake itasafiri na itatumika kwa nini. Mtafiti wa nyumbani aliyeikusanya awe kwenye mkataba na kwenye chapisho. Mweleze msimamizi wako jambo hili kwenye mazungumzo ya kwanza kabisa, na umwambie litachukua miezi mingi, ili mwaka wako wa kwanza upangwe kwa data na kwa seli zilizoko Heidelberg wakati karatasi zikitembea Dar.